Chandarua cha Walutheri kwa Fundi Sentimita

Usinibetulie midomo. Nimekuona. Umesikia "Walutheri", ukasikia "malaria", ukasema moyoni mwako, kikongwe huyu katumwa na mchungaji aje kutuhubiria. Mchungaji hajanituma. Na angenituma ningemuuliza kwanza jana kalala wapi, ndani ya chandarua au nje. Kama utaondoka hapa ukaseme nimetia chumvi, sema pia kwamba uliyasikia kwa mtu aliyekuwepo, aliyekaa benchi lile lile, upande ule wenye msumari. Wewe hukuwepo. Tulia usikie.

Benchi lenyewe liko barazani kwa fundi cherehani, pale njia mbili zinapokutana: ubao mrefu juu ya matofali, mwisho mmoja cherehani ya miguu, mwisho mwingine muuza kahawa na birika lake. Fundi tunamwita Sentimita, kwa sababu hajui kusema "hapo karibu"; yeye atakwambia mita kumi na nne na nusu. Anayekaa katikati ni Randa, seremala. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, wazi mbele, na asubuhi anaifanyia kazi kwa mikono, mchana anaifanyia kazi kwa macho akiwa benchini. Wa tatu ni Stempu, mstaafu wa posta, ambaye kwa kuwa alizipiga mihuri barua za nchi za nje miaka thelathini, anaamini alizisoma zote. Mimi wananiita Bibi Nyundo. Nimeishia darasa la saba, nyundo natembea nayo mkobani, na sioni cha kuficha katika hayo mawili.

Nyundo ni ya kazi. Sisi kina mama wa usharika wetu wa Kilutheri hatugawi chandarua tukaenda zetu. Kikishapata hewa siku moja tunarudi, tunaingia mpaka chumbani. Tunapiga misumari, tunafunga kamba nne, tunachomeka pindo chini ya godoro, tunamwambia mwenye kitanda aingie tumuone, ndipo tunatoka. Lakini tuna sharti moja na hatulivunji: mwenye nyumba aseme "karibu". Asiposema, hata mlango uwe wazi kama mdomo wa mtu aliyelala, tunabaki kizingitini.

Sentimita alikuwa hajasema. Chandarua tulimpa Jumanne, na siku ninayokusimulia ilikuwa Jumatatu. Ndani ya nyumba yake kulikuwa na binti yake, mimba ya miezi saba. Mume wa binti ni dereva wa malori, yuko safari ndefu, akamrudisha mkewe kwa baba yake ajifungulie huko. Na kulikuwa na sababu. Mimba ya kwanza aliibeba kwa mumewe, ng'ambo ya mto, malaria ikamkamata nayo tumboni, mtoto akaja kabla ya siku zake, akakaa siku mbili. Sasa masika yalikuwa yameanza jana yake, madimbwi yameshajaa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo usiniulize mwanamke mzima anatafuta nini kijiweni saa tisa alasiri. Nilikuwa nangoja neno moja.

— Fundi, leo ni siku ya saba, nikamwambia.

— Ya sita, akasema bila kuinua kichwa. Jumanne mchana mpaka Jumatatu mchana ni siku sita.

— Sita basi. Kiko wapi?

— Mvunguni. Kwenye pakiti yake.

— Mvunguni kinamlinda nani? Panya?

Stempu akashusha kikombe. Huyu bwana kikombe chake kikikaa chini, ujue hotuba inakuja.

— Mwache mwenzako atafakari, Bibi Nyundo. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake mtu asikurupukie mambo.

— Maana yake ainame akichukue. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua.

— Wewe umeishia la saba.

— Na wewe uliyenipita, mbona hilo hulijui?

Muuza kahawa akacheka puani, akammiminia Randa.

— Mimi swali langu ni dogo, Stempu akasema, na hajawahi kuwa nalo dogo. Mtu anakaa kwenye theluji. Mbu hamjui. Hajawahi hata kujipiga kofi usiku. Malaria yangu mimi inamhusu nini mpaka anitumie chandarua?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Randa.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia tu. Mbele ya safari itaeleweka.

Nikawaambia. Swali hilo hilo niliwahi kumuuliza mwenyewe wa theluji, uso kwa uso. Walikuja wageni usharikani kwetu, siku nne, Walutheri wa huku na huko. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, kwao anafundisha shule ya Jumapili. Nikamuuliza, wewe malaria unaijulia wapi? Akasema haijui. Akasema watoto wake wa shule ya Jumapili nao walimuuliza hivyo hivyo, akachukua shuka, akalitundika juu ya meza ya kanisa lao, akawaambia waingie chini waone wanaenea wangapi. Wakaenea watano. Mmoja akauliza, na wa sita analala wapi? Basi, anasema, hilo la wa sita likawakaa. Wakaenda nyumba kwa nyumba kwenye barafu hiyo wakiomba michango ya vyandarua vya wa sita.

— Na wewe ukaamini, akasema Stempu.

— Nilimtazama usoni. Mtu anayedanganya hasemi watoto watano, anasema mia tano.

Sentimita alisimamisha mguu kidogo kwenye cherehani. Nikaona. Kisha akaendelea.

— Nami nikwambie lingine, nikasema, maana hapo ndipo mnapokosea. Mnasema "wametuletea", kama kwamba sisi tumekaa tu tumekinga mikono. Katika wageni wale kulikuwa na mchungaji wa nchi nyingine ya joto, mbu kwao wanene kuliko wetu. Huyo ndiye aliyetuonyesha kufunga kamba kwenye boriti, kwa nyumba za udongo ambazo msumari haushiki. Mpaka siku hiyo tulikuwa tunabomoa kuta za watu. Na sisi tukawaonyesha hili la kuingia chumbani. Kwao walikuwa wanagawa pale mlangoni, wanashukuriwa, wanaondoka, wakirudi wanakuta vyandarua vimezungushiwa bustani za mchicha. Nilisimama mbele ya wachungaji watatu wa nchi tatu, mimi wa darasa la saba, nikawafundisha fundo. Mmoja alilikosea mara nne. Nikamwambia baba mchungaji, huku si kubariki, kaza.

Randa akacheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Mwaka jana likaja jibu, nikasema. Kina mama wa kwao yule wa mbu wanene sasa wanaingia vyumbani na nyundo zao. Limeandikwa hivyo hivyo, nyundo.

— Barua hiyo ilikuwa na stempu gani? akauliza Stempu.

— Ilikuja kwa simu ya mwinjilisti.

— Basi si barua.

Nikamwacha. Mtu aliyeishi miaka thelathini na gundi mdomoni ana kesi yake na simu, si yangu.

Lakini nilikuwa nimewachokoza, na kijiwe kikichokozwa hakitulii. Randa akajisogeza mbele.

— Mimi la theluji nimelikubali. Langu ni vitanda. Mlipokuja kuandikisha mlihesabu vitanda. Kwangu mkaandika vitatu. Mkauliza na mkeka. Mnahesabu mpaka mikeka ya nini?

— Ili chandarua kitoshe kitanda, Randa. Wewe ukitengeneza mlango hupimi?

— Napima mlango, siuulizi mlango jina la mwenye nyumba. Nyie mkaandika majina. Nasikia majina yale yanakwenda kwenye kitabu kimoja kikubwa huko ng'ambo, na kila atakayelala ndani ya chandarua anahesabiwa Mlutheri.

— Akiwa amelala?

— Akiwa amelala. Ndiyo njia rahisi, hawezi kubisha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Fundi wa watu anaswali msikitini tangu mtoto, nikasema. Unataka kuniambia ataingia kitandani mtu wa msikitini, aamke ameshika kitabu cha nyimbo?

— Mimi nasema nilivyosikia.

— Ulisikia kwa nani?

Randa akamtazama Stempu. Stempu akatazama birika.

— Sikilizeni, nikawaambia. Mtaa huu tumegongea nyumba mia na zaidi. Za msikitini, za Wakatoliki, za wale wanaosali chini ya turubai, na ya yule bwana asiyesali kabisa ambaye anafuga bata. Hakuna aliyeulizwa anaswali wapi. Tumeuliza kitanda kina upana gani, na nani ana mimba, na nani ana mtoto wa chini ya miaka mitano. Wenye hao tukawaanzia. Mbu akimuuma mtoto wa jirani jioni, usiku wa manane anaweza kuwa kwangu. Sasa nikimlinda mjukuu wangu peke yake nimemlinda nini?

Randa akaomba kahawa nyingine. Nilijiona nimeshinda. Sikuwa nimeshinda.

— Bibi Nyundo, akasema Stempu, sasa kwa sauti ya chini, ile ya ofisini. Mimi nitakupa siri. Miaka yote hiyo watu wa mbali walitaka kuja kukaa huku, kwenye jua. Nani aliwazuia? Jeshi? Hapana. Mbu. Mbu ndiye askari wetu wa mpakani. Hana mshahara, hana likizo, halali zamu. Sasa mnamnyima chakula. Akifa askari, mpaka unalindwa na nani?

— Unataka tumpe mbu pensheni? akauliza muuza kahawa.

— Nasema tufikiri. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hicho chandarua kina kamba nne.

— Halafu kuna hili, Randa akadakia, na macho yake yalikuwa yameshawaka. Mbu akikosa damu hapa hakai kungoja. Atatafuta. Anaingia kwenye ndege, kwenye mizigo, anateremkia kwenye theluji. Pale watu wamelala vifua wazi, hawana habari. Baada ya miaka kumi utaona sisi ndio tunawapelekea wao vyandarua.

— Na tutavipeleka, nikasema.

— Eti?

— Tutavipeleka. Na mimi nitakwenda na nyundo. Tutaingia mpaka chumbani. Ndivyo ulivyo ushirika, Randa. Leo kwangu, kesho kwako, na hakuna mmoja aliyekaa juu akimwagia mwenzake.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Stempu kwa huzuni, na hakuna aliyejua anamaanisha nini, hata yeye.

Cherehani ilikuwa imesimama. Sentimita alikuwa ameshika kipande cha kitambaa, hakishoni, anakizungusha. Akasema, na huyu mtu ni mpole, hasemi nusu ya wanayosema wenzake:

— Mimi si habari ya mbu wa mpakani, bibi. Mimi niliambiwa dawa iliyotiwa kwenye uzi inapenya. Kwamba mwenye mimba akiivuta usiku kucha, kilichomo tumboni kinalegea.

Nikaweka kikombe.

— Uliambiwa na nani?

Sentimita akawa anatazama kitambaa chake. Randa akawa anatazama karakana yake. Stempu peke yake ndiye hakuwa na mahali pa kutazama.

— Nilisema inasemekana, akasema Stempu. Jumanne ile. Nilisema tu inasemekana.

Nilimgeukia. Utani ulikuwa umekwisha na alijua. Nikamwambia, Stempu, kuna maneno ya kijiweni na kuna maneno ya kuua. La askari wa mpakani ni la kijiweni, sema mpaka mwaka kesho, nitakununulia na kahawa. Hili lingine usilirudie. Dawa ile inamdhuru mbu akitua. Mwenye mimba ndiye wa kwanza anayepewa chandarua, hata kliniki, siku ya kwanza anapokwenda kupimwa, kwa sababu malaria humpenda yeye kuliko wote. Kinacholegeza kilichomo tumboni ni hiyo malaria. Na nyumba hii wanajua.

— Sikuwa na nia mbaya, akasema Stempu.

— Mbu naye hana nia mbaya. Ana njaa tu.

Stempu akakiinua kikombe chake. Lakini Sentimita naye hakusema karibu. Mtu akishatiwa hofu ya mtoto, huwezi kuitoa kwa kumshinda maneno. Nililijua hilo nikiwa nasema. Nilikuwa nimepiga maneno yangu yote kama misumari na ukuta haukushika.

Hapo ndipo alipotokea yule mgeni. Mtu wa makamo, begani ana mfuko wa turubai, meno ya msumeno yamechungulia nje ya mfuko, viatu vina tope jekundu la barabara ya mtoni. Akatusalimu wote, kuanzia mimi, vizuri, nikaona huyu kalelewa. Akauliza mwenye karakana ile ya mbele ni yupi.

— Ni mimi, akasema Randa.

— Mimi ni seremala mwenzako. Nimehamia juzi, nimetoka ng'ambo ya mto. Nilikuja kuuliza kama una nafasi ya mikono miwili. Nimezunguka karakana yako nikingoja mtu atoke, samahani sana, nimechungulia kazi zako. Milango safi. Viungo vimekaa.

— Karibu ukae. Mpe kahawa.

Akakaa. Akapokea kikombe, hakunywa. Alikuwa anaitazama karakana kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

— Kuna kitu kimoja tu sikukiona, akasema. Visanduku vya watoto mnaviweka wapi?

— Visanduku gani? akauliza Randa.

— Vya kuzikia. Vile vidogo. Kwetu masika yakianza, seremala anatengeneza kabisa vitano sita, anaviegemeza ukutani, maana watu wakija hawawezi kungoja, mtoto hangoji. Mimi mwezi wa masika kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo. Ndiyo maana nimehama, kusema kweli. Sasa hapa nimeona milango, nimeona vitanda, nimeona kabati. Hivyo vidogo sivioni, na mvua imeshaanza. Unavitengenezea wapi?

Ni swali la kazi. Fundi anamuuliza fundi. Angeweza kuuliza unaweka wapi gundi.

Randa akaigeukia karakana yake. Akakuna shingo.

— Zamani nilikuwa naviegemeza pale kushoto, akasema. Pale karibu na mbao za mninga.

— Na sasa?

— Sasa… Ngoja. Nilitengeneza… Masika ya mwaka jana nilitengeneza… Hapana, yule alikuwa mtoto wa ajali, yule wa gari. Masika ya mwaka juzi… Stempu, yule mjukuu wa mwenye duka la mabati alikuwa lini?

— Huyo ni zamani, akasema Stempu. Kabla sijapata sukari.

— Sasa baada ya huyo?

Stempu akahesabu kwa vidole. Akaanza upya. Muuza kahawa naye akawa anahesabu, birika limeinama mkononi, halimwagi. Watu watatu wazima, wanaojua nani kamwoa nani tangu barabara haijawekwa lami, wanatafuta kifo cha mtoto mmoja wa malaria katika mtaa wao, na hawakioni.

— Vilikoma lini? akauliza mgeni.

Hawakujua. Walikaa benchi lile kila siku ya Mungu, karakana iko mbele ya macho yao, ukuta wa kushoto ukabaki mtupu, wakauona mtupu, na hakuna aliyesema neno. Kitu kikija kinapiga hodi. Kikiacha kuja, nani atakwambia?

Mimi nami nikwambie kweli, maana sitaki sifa nisizozibeba. Si sisi peke yetu. Zahanati sasa wanapima damu kwa tone moja na dawa zipo. Serikali nayo ina vyandarua vyake. Lakini misumari ya mtaa huu naijua, mingi nimeipiga mimi, na mahali ambapo sikuipiga mimi namjua aliyeipiga. Na vyandarua vingi vilikuja kwa michango ya watoto wa chini ya shuka lile. Na fundo ni letu, na boriti ni ya yule mchungaji wa mbu wanene. Nilikaa pale nikanyoosha mgongo wangu huu unaouma, nikaacha wahesabu. Sikuwasaidia. Kuna siku mtu anastahili kukaa kimya akasikia watu wakishindwa kuhesabu.

Sentimita ndiye aliyesema.

— Mimi nilivikuta hivyo unavyosema.

Alikuwa anamwambia mgeni, si sisi.

— Ng'ambo ya mto. Nilipokwenda kumzika mjukuu wangu na kumfariji binti yangu. Nilikwenda kwa seremala pale karibu na kivuko, nikamwambia nataka cha mtoto, nikadhani nitangoja. Akaniambia chagua. Vilikuwa sita, vimeegemezwa ukutani.

— Karibu na kivuko, mgeni akasema polepole. Mlango wa bluu?

— Wa bluu.

Mgeni akaweka kikombe chake chini, hakusema alikuwa nani pale, na hakuna aliyemuuliza. Akasema tu, pole, baba. Sentimita akasema, tumeshapoa.

Kisha Sentimita akaivua ile tepu ya kupimia shingoni, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani. Akasimama.

— Bibi, karibu ndani.

Sikumshukuru. Ningemshukuru angejiona kanifanyia hisani. Nilichukua mkoba wangu nikapita.

Stempu akasema nyuma yangu:

— Nikushikie ngazi?

— Shika ulimi wako, nikamwambia. Ngazi nitamwita mgeni.

Chumba cha binti kiko mwisho wa ukumbi, dirisha linatazama uani. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba kidogo, anakunja nguo ndogo. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa nyumba ile ni wa kistaarabu tu, sauti hauzuii. Baba yake akainama mvunguni, magoti yakilia, akavuta pakiti. Akaipima kwa mkono, akakunja uso. Akaifungua. Vikatoka vipande vya vitambaa, mabaki ya cherehani yake mwenyewe, vimeshindiliwa vizuri.

— Chandarua kiko wapi? akauliza.

Binti akaonyesha dirishani. Uani, chini ya upenu, kivulini, chandarua kilikuwa kimetandazwa kwenye kamba, kinapepea.

— Nimekianika tangu jana, akasema. Bibi alisema kipate hewa siku nzima kabla ya kulalia. Nikaona siku ukisema karibu, isije ikabidi tungoje tena siku nyingine.

— Na nisingesema?

— Ungesema, baba.

Sentimita akakaa ukingoni mwa kitanda na vitambaa vyake mapajani. Nikamgeukia binti nikamkaripia, kwamba mimba ya miezi saba haianiki vitu kwenye kamba za juu, kuna viti vya nini, kuna watu wa nini. Akanisikiliza kwa adabu zote. Ana akili yule mtoto. Nitamweka katika umoja wetu akishajifungua, hata kama ni wa msikitini, nyundo haina dhehebu.

Sentimita akakianua chandarua, nami nikamwita mgeni; akaingia baada ya kubisha hodi na kuitikiwa, akapanda kwenye stuli. Kuta zilikuwa za tofali, msumari ukashika. Alipiga minne, kila mmoja mara tatu, hakupinda hata mmoja. Mtu wa kazi unamjua kwa mlio. Kamba nilifunga mimi. Sentimita akataka kupima kama pande zote ziko sawa, akakumbuka tepu kaiacha nje, akapima kwa shibiri. Ziko sawa, akasema. Najua ziko sawa, nikasema.

— Ingia tukuone, nikamwambia binti.

Akaingia kwa taratibu, tumbo kwanza, akalala ubavu wa kushoto. Nikachomeka pindo chini ya godoro, miguuni, ubavuni, kichwani, nikapitisha kiganja mzunguko mzima nione kama kuna pengo. Hapakuwa na pengo. Ndani ya wavu ule alionekana kama mtu aliyeko mbali kidogo. Baba yake akasimama akitazama, mikono haijui iende wapi.

— Anapumua vizuri? akaniuliza.

— Muulize mwenyewe, si kiziwi.

— Napumua, baba.

Kule nje nikasikia Stempu anaanza tena, sauti ya ofisini, anamwambia Randa kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa akisema hivi vyandarua vina faida, ila watu hawamsikilizi. Randa akamjibu kwa methali ambayo sikuielewa. Jua lilikuwa linakwenda chini, mbu wa kwanza wanakaribia kutoka madimbwini, na nyumba tatu zilikuwa bado zinaningoja kabla ya giza. Nikatia nyundo mkobani. Nikawaambia wanaume wawili watoke, mtoto apumzike. Wakatoka. Nikatoka nyuma yao, nikauvuta mlango mpaka komeo likalia.